Chumba Kitupu na Msomaji Anayesaka Funzo: Kuzisoma Picha za Ndani ya Nyumba za Vilhelm Hammershøi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii hutajwa sana katika madarasa yetu ya fasihi simulizi, na kila inapotajwa hufasiriwa kuwa ni onyo dhidi ya kulihukumu jambo kwa sura yake ya nje. Makala hii inaichukua methali hiyo kwa maana yake ya wazi kabisa. Tunadhamiria kuufungua mlango wa nyumba moja iliyoko mji wa Copenhagen nchini Denmark, tuingie ndani, tuzitazame kuta, sakafu na dirisha, kisha tujiulize swali ambalo wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kujiuliza: Je, kazi ya sanaa isiyosimulia kisa, isiyotoa onyo wala isiyo na mhusika anayesema neno, inaweza kusomwa? Na kama inaweza, inasomwaje?

Swali hili si la mzaha. Tangu shule ya msingi tumezoezwa kuitafuta dhamira, tuyaorodheshe mafunzo na kutaja umuhimu wa kila kazi tunayoisoma. Mazoezi hayo yametufaa, lakini yametuachia mazoea ya kuiona kazi isiyokuwa na funzo la waziwazi kuwa ni kazi pungufu. Picha za mchoraji Vilhelm Hammershøi ni mtihani mzuri wa mazoea hayo. Tutaanza kwa kumweleza msanii na zama zake, tuzichambue picha zake mbili, kisha tuzilinganishe na kazi zinazotuhusu sisi wa Afrika Mashariki, tukifika hata katika nyumba za kawaida za Bokoli, katika Kaunti ya Bungoma.

Msanii na zama zake

Vilhelm Hammershøi alizaliwa Copenhagen mnamo mwaka 1864 na kufariki mjini humo mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 51. Mwaka aliozaliwa ndio mwaka ambao Denmark ilishindwa vitani na Prusia pamoja na Austria, ikapoteza majimbo ya Schleswig na Holstein. Wapo wataalamu wanaoeleza kwamba baada ya pigo hilo Wadenmark waligeuza macho yao kutoka kwenye fahari ya dola na kuyaelekeza ndani: katika mashamba yao, katika elimu yao na katika nyumba zao. Hatuna haja ya kusema kwamba vita vilizaa picha, kwa kuwa sanaa haizalishwi kwa njia iliyo nyoofu hivyo. Lakini tutafahamu kwamba msanii huyu alikulia katika nchi ndogo iliyokuwa ikijifunza kuishi na udogo wake.

Alipata mafunzo katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha Denmark, na baadaye katika shule huru ya wasanii ambako mmoja wa walimu wake alikuwa mchoraji mashuhuri P. S. Krøyer. Picha yake ya awali ya mwaka 1885, iliyomwonyesha dada yake Anna, ilikataliwa katika shindano la tuzo, na jambo hilo likazua mjadala miongoni mwa wasanii vijana. Mwaka 1891 alimwoa Ida Ilsted, dada wa mchoraji mwenziwe Peter Ilsted. Kuanzia mwaka 1898 hadi 1909 Vilhelm na Ida walipanga ghorofa moja katika nyumba ya zamani, iliyojengwa katika karne ya 17, kwenye mtaa uitwao Strandgade, nambari 30. Humo ndimo alimochorea zaidi ya picha 60 za ndani ya nyumba.

Hammershøi hakuwa peke yake katika kuchora vyumba. Shemeji yake Peter Ilsted na rafiki yao Carl Holsøe walichora pia mandhari tulivu za nyumbani. Katika kijiji cha wavuvi cha Skagen, kaskazini kabisa mwa Denmark, mchoraji wa kike Anna Ancher alichora mwaka 1891 picha ya bintiye Helga akifuma katika chumba cha buluu kilichojaa jua. Nchini Sweden, Carl Larsson aliichora nyumba yake iliyosheheni watoto na rangi za furaha. Watu hawa wote walitokana na desturi ya zamani zaidi, ya Waholanzi wa karne ya 17 kama Vermeer na Pieter de Hooch, ambao walikuwa wametangulia kuonyesha kwamba mwanamke anayesoma barua au kumimina maziwa anastahili kuchorwa kwa uangalifu uleule anaochorewa mfalme. Tofauti ya Hammershøi ni kwamba yeye aliendelea kuondoa: aliondoa watoto, akaondoa barua, akaondoa samani, mwishowe katika baadhi ya picha akamwondoa hata binadamu.

Picha ya kwanza: vumbi na jua

Mnamo mwaka 1900 Hammershøi alichora picha ambayo jina lake kwa Kiswahili tunaweza kuliita 'Vumbi Likicheza Katika Miale ya Jua'. Ni picha ya rangi za mafuta juu ya turubai, yenye kimo cha sentimita 70 na upana wa sentimita 59, nayo imehifadhiwa katika jumba la sanaa la Ordrupgaard, karibu na Copenhagen. Mtazamaji akisimama mbele yake huona dirisha lenye vioo vidogovidogo, mlango uliofungwa kando yake, ukuta na sakafu. Hakuna kiti, hakuna meza, hakuna mtu. Kutoka dirishani jua linaingia kwa mshazari, miale ikiwa imepangika sambamba, na sakafuni umbo la dirisha limelala kama mkeka wa nuru.

Jina la picha latuelekeza kwenye jambo ambalo jicho lingelipita. Nuru ikipita katika hewa safi haionekani ubavuni. Twaiona tu pale inapogonga kitu. Mialeikionekana hewani, kama inavyoonekana katika picha hii, ni kwa sababu kuna chembe ndogo za vumbi zinazopokea nuru na kuitawanya hadi machoni mwetu. Kwa hiyo msanii amechora vitu viwili ambavyo kimoja hakionekani bila ya kingine. Vumbi, ambalo mama mwenye nyumba hulifukuza kwa ufagio kila asubuhi, ndilo linaloifanya nuru ipate umbo.

Yafaa pia kueleza kwa nini miale ya picha hii imelala vile. Copenhagen iko mbali kaskazini mwa ikweta. Katika mwezi wa Desemba mchana wake huwa wa takriban saa saba tu, na jua halipandi juu. Huzunguka karibu na upeo wa macho. Jua la chini namna hiyo hupenya dirishani na kufika mbali ndani ya chumba. Katika nchi kama hiyo nuru ndani ya nyumba ni mgeni anayesubiriwa. Si ajabu basi kwamba mchoraji aliirudia kona hiyohiyo ya chumba mara kadhaa, katika jua na hata katika mbalamwezi, kama mtunzi anayeurudia mshororo wa kituo kila ubeti.

Picha ya pili: mwanamke aliyetupa kisogo

Picha ya pili ni ya mwaka 1904 hivi, nayo iko katika jumba la sanaa la mji wa Randers. Ndani yake mwanamke amesimama akiwa amevaa nguo nyeusi, amebana sinia ubavuni, na mbele yake kuna bakuli kubwa la kauri lenye maua ya buluu. Mwanamke huyo ni Ida. Hatumwoni uso. Tunachokiona ni kisogo, nywele zilizofungwa juu, shingo iliyo wazi na mkunjo mdogo wa shingo ya nguo. Ukuta ulio mbele yake ni wa kijivu.

Wahakiki wametofautiana kuhusu kisogo hiki. Wako wanaoona kwamba mwanamke amefungiwa ndani, amenyimwa uso na jina, amegeuzwa kuwa sehemu ya samani. Wako wanaoona kinyume chake: kwamba mwanamke huyu hatutumbuizi, hatabasamu kwa ajili yetu, hajapangwa ili atupendeze, ameachwa na mambo yake, nasi tumekutwa tukichungulia. Maoni yetu ni kwamba picha inazibeba tafsiri zote mbili kwa makusudi. Laiti angegeuka, tungeusoma uso wake, tukaamua kwamba ana furaha au ana majonzi, kisha tukaenda zetu. Kwa kuwa hageuki, hukumu inaturudia sisi wenyewe, na kila mtazamaji hujikuta akiukadiria uso huo kwa yale aliyokuja nayo.

Hapa mwanafunzi wa fasihi atakumbuka mbinu ya kumnyima msomaji taarifa fulani ili akili yake ifanye kazi. Katika riwaya twaliita pengo. Katika mazungumzo twasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hammershøi amelijenga pengo hilo kwa mgongo wa mtu.

Kunga za kazi yake

Ili tuelewe utulivu wa picha hizi hatuna budi kuifahamu mali ghafi yake. Rangi ya mafuta ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta yanayokauka, aghalabu mafuta ya mbegu za kitani. Rangi hii haikauki kwa maji yake kuondoka hewani, kama ilivyo kwa rangi ya maji. Hukauka polepole kwa mafuta kuungana na oksijeni, na huchukua siku au hata majuma. Kucha huko kwa muda mrefu humruhusu mchoraji kuilainisha mipaka baina ya rangi mbili, kuweka utando mwembamba juu ya utando mwingine, na kurekebisha mpaka atosheke.

Hebu tulinganishe na rangi aliyoitumia Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968. Yeye alitumia rangi ya kung'aa, ya aina ile inayopakwa baiskeli, juu ya mbao laini za kujengea. Rangi hiyo hukauka haraka, hung'aa, na huweka mpaka mkali baina ya umbo na umbo. Ndiyo maana chui na ndege wa Tingatinga huruka machoni mara moja. Hammershøi alitaka kinyume cha hayo. Aliichagua idadi ndogo sana ya rangi: kijivu cha aina nyingi, nyeupe, nyeusi na kahawia. Aliiweka kwa miguso mifupimifupi ya brashi, hata ukikaribia turubai unaona kwamba ukuta ulioudhani kuwa mtupu unatetemeka kama hewa ya mchana. Mipaka ya vitu imelainika. Hakuna kitu kinachopiga kelele, na kwa sababu hiyo macho huanza kuona tofauti ndogo ambazo katika picha ya rangi nyingi zingepotea. Si kwamba njia moja ni bora kuliko nyingine. Kila moja ina mali yake na lengo lake, na mhakiki anayeipima moja kwa kipimo cha nyingine atakuwa amezidhulumu zote mbili.

Wachoraji wa Kaskazini walipofika Kenya

Jambo ambalo halijulikani sana miongoni mwetu ni kwamba wachoraji kutoka nchi hizo za kaskazini walifika Kenya. Akseli Gallen-Kallela wa Ufini, aliyezaliwa mwaka 1865, mwaka mmoja tu baada ya Hammershøi, aliishi nchini pamoja na mkewe na watoto wao katika miaka ya 1909 na 1910, akachora takriban picha 150 za rangi za mafuta. Mchoraji huyu alikuwa bingwa wa mandhari ya ndani ya nyumba katika ujana wake. Picha yake iitwayo 'Somo la Kwanza', ya miaka ya 1887 hadi 1889, yaonyesha mzee na msichana mdogo ndani ya kibanda cha mashambani, mtoto akijifunza kusoma. Ni picha ya ukimya wa bidii. Lakini picha zake za Kenya zinazojulikana zaidi ni za mandhari ya nje, wanyama na sura za watu, zilizochorwa kwa rangi kali za jua la ikweta.

Karen Blixen, aliyezaliwa Denmark mwaka 1885, alisoma uchoraji katika chuo kilekile cha kifalme kabla ya kuja Kenya mwaka 1914. Wengi wanamjua kwa maandishi yake na kwa nyumba yake ya Nairobi, ambayo ni makavazi tangu mwaka 1986. Alipokuwa akiishi hapa, hadi mwaka 1931, alichora sura za baadhi ya Waafrika waliohusiana na shamba lake. Ni picha zenye heshima kwa nyuso alizozichora. Hata hivyo, ukiziweka kando ya picha za Hammershøi utatambua tofauti moja kubwa. Hammershøi alimnyima mtu wake uso akampa chumba. Blixen aliwapa watu wake uso, lakini hatuoni vyumba walimoishi.

Hatuwalaumu wasanii hawa kwa kile ambacho hawakukichora. Mgeni huona kwanza mlima, twiga na uso asiouzoea; ndani ya nyumba huingia aliyekaribishwa, tena aliyekaa muda wa kutosha hata wenyeji wakasahau kwamba yupo. Lakini matokeo yake ni kwamba Afrika Mashariki ilichorwa kwa muda mrefu kama mahali pa nje: mbuga, anga, soko na vita. Ndani yetu hapakuwa na dirisha.

Waliolifungua dirisha hilo ni wenyeji. Miongoni mwao yafaa kumtaja Rosemary Karuga, aliyeishi kuanzia mwaka 1928 hadi 2021, na ambaye alikuwa mwanamke wa kwanza kuhitimu katika shule ya sanaa ya Makerere, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baada ya miaka mingi ya ualimu aliirudia sanaa, na kwa kukosa rangi na turubai alikata vipande vya karatasi za kufungia sabuni na unga, akavibandika kuwa picha za maisha ya kawaida ya mashambani. Twaona hapa jambo la kustaajabisha: karatasi iliyotoka jikoni inarudi kuwa picha ya nyumbani.

Chumba kitupu katika fasihi yetu

Mtu anaweza kudai kwamba chumba kitupu ni jambo la Wazungu, lisilo na asili katika utamaduni wa Waswahili. Dai hilo halisimami. Utenzi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir mwanzoni mwa karne ya 19, una sehemu mashuhuri inayotuingiza katika majumba ya matajiri wa Pate baada ya wenyewe kutoweka. Mshairi anatuonyesha kumbi zilizokuwa zikirindima kwa watu, sasa zikiwa mahame. Na zile zidaka za ukutani zilizopangwa vyombo vya kauri, sasa zimekuwa viota vya ndege. Msomaji aliyeliona bakuli la kauri katika picha ya Randers hatakosa kulikumbuka jambo hilo. Vyombo vya aina moja, vilivyosafiri baharini kutoka mashariki au vilivyofinyangwa kwa kuiga vile vya mashariki, vimewekwa katika vyumba viwili vilivyo mbali sana, na kila msanii amevitumia kupimia ukimya.

Tofauti yao ndiyo inayotuhusu zaidi. Sayyid Abdalla anakiondoa kila kitu chumbani ili moyo wake uzinduke: dunia haidumu, jiandae kwa akhera. Utupu wake una ujumbe, na ujumbe huo unatajwa. Hammershøi anakiondoa kila kitu, kisha hasemi neno. Kwa msomaji aliyezoea Al-Inkishafi, picha ya vumbi na jua ni kama utenzi uliokatwa kabla ya mawaidha kufika. Na katika riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, tunakutana na chumba cha aina ya tatu: Maimuna amefungiwa nyumbani na baba yake, na kuta zinakuwa gereza. Katika utenzi chumba ni onyo, katika riwaya chumba ni dhuluma. Katika picha za Strandgade chumba ni chumba, nasi hatuna raha mpaka tukigeuze kuwa kitu kingine.

Nyumba ya Bokoli

Tukiyatoa mawazo haya Ulaya na pwani, tuyalete Bokoli. Nyumba ya duara ya udongo na nyasi ambayo wazee wetu waliijenga ilipokea nuru kupitia mlango. Dirisha lilikuwa dogo au halikuwapo, na moshi wa mafigani ulipanda taratibu hadi kwenye nyasi za paa. Wanawake waliisiriba sakafu na kuta kwa udongo na samadi, kwa mkono, na alama za vidole vyao zikabaki ukutani kama miguso ya brashi. Kazi hiyo ilirudiwa kila ilipohitajika, mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyeiita sanaa, na wengi wa walioifanya hawakupigwa picha hata moja wakiifanya.

Nyumba ya siku hizi aghalabu ni ya mstatili na paa la mabati. Ndani yake kuna viti vilivyofunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, kalenda ukutani, picha ya mahafali au ya harusi katika fremu, na baada ya mavuno, magunia ya mahindi yaliyoegeshwa kona. Pale msumari ulipolegea na kuacha tundu katika bati, mshale mwembamba wa jua hushuka hadi sakafuni, na ndani ya mshale huo vumbi hucheza. Tofauti na Copenhagen, hapa jua la adhuhuri liko juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo miale yetu husimama wima ilhali ile ya Strandgade imelala. Kila mtoto aliyekulia chini ya mabati amewahi kunyoosha mkono aushike mshale huo, na kila mtoto ameambiwa awahi kufanya kazi aliyotumwa.

Katika nyumba hizo yuko pia mtu aliyetupa kisogo. Ni mama aliyeinama mekoni, au bibi anayechambua maharagwe akiuelekea mlango ili apate mwanga. Twawajua kwa migongo yao kuliko tunavyojua, kwa kuwa walikuwa kazini muda wote tulipokuwa tukiwatazama. Katika insha zetu mama huyo huja akiwa tayari amegeuzwa kuwa funzo: ni mvumilivu, ni nguzo ya jamii, au ni mhanga wa mfumo dume. Hayo yote yaweza kuwa kweli. Lakini ni nani aliyeandika kwa Kiswahili jinsi mwanga ulivyokuwa juu ya bega lake, na sauti ya maharagwe yakianguka katika sinia, bila ya kuharakisha kutuambia maana yake? Nyumba za duara zinazidi kupungua. Tukiendelea kusubiri mpaka tupate funzo ndipo tuandike, tutakuwa na mafunzo mengi na vyumba vichache mno vya kuyawekea.

Suala la istilahi

Kikwazo kimoja kinachotukabili ni lugha ya kuzungumzia picha. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa istilahi za ushairi: vina, mizani, mishororo, utoshelezi, ukwapi, utao. Tukifika kwenye sanaa ya rangi, kitenzi kuchora kinabebeshwa mzigo wote. Anayechora kwa penseli na anayechora kwa rangi za mafuta wote ni wachoraji, ilhali kupaka rangi kumeachiwa fundi wa ukuta. Wenzetu wa Tanzania wanatumia sanaa za ufundi kwa kundi zima la uchoraji na uchongaji, lakini neno hilo halijaenea kwetu.

Hata hivyo, tusidhani kwamba tumekaukiwa. Katika makala hii tumetumia turubai, mshazari, utando, mguso wa brashi na mbalamwezi, na maneno hayo yote yamekwisha kuzoeleka katika Kiswahili. Kiswahili kina pia maneno ya ukimya yanayotofautiana kwa undani: kimya, unyamavu, utulivu, ukiwa, upweke, faragha. Chumba cha Pate kina ukiwa. Chumba cha Maimuna kina upweke. Chumba cha Hammershøi, kwa maoni yetu, kina utulivu unaopakana na ukiwa, na mgongo wa Ida una faragha. Mhakiki atakayeyatumia maneno haya kwa usahihi atakuwa ameanza kuujenga uhakiki wa picha katika Kiswahili, hata kabla ya kamusi ya istilahi kumfikia.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba picha tulivu ya ndani ya nyumba si picha tupu. Ina maarifa ya nuru na vumbi, ina kunga za rangi ya mafuta, ina historia ya nchi na ya ndoa, na ina mapengo yanayomtaka mtazamaji afanye kazi. Baada ya kifo chake Hammershøi alikaribia kusahauliwa nje ya nchi yake kwa miongo mingi, mpaka maonyesho makubwa kama yale ya Paris ya mwaka 1997 na ya London ya mwaka 2008 yalipomrudisha. Picha zenyewe hazikuwa zimebadilika wakati huo wote. Kilichobadilika ni subira ya watazamaji.

Kwa wahadhiri wetu tunapendekeza kwamba katika somo la uhakiki, angalau mara moja kwa muhula, wanafunzi wapewe picha badala ya matini, na waandike kile wanachokiona kabla ya kuruhusiwa kuandika maana yake. Kwa wanafunzi wenzetu tunapendekeza zoezi lililo rahisi zaidi: chagua chumba kimoja cha nyumbani kwenu, saa moja ya siku, na ukieleze kwa ukurasa mmoja bila ya kisa na bila ya funzo. Wasio na rangi za mafuta wana Kiswahili. Na wakati wa kufanya hivyo ni likizo ijayo, wenye vyumba hivyo wakiwa wangalipo kutuambia kiti kile kilinunuliwa wapi, na ni mkono wa nani uliousiriba ukuta.